Pikapu za Gitaa na Sauti ya Dansi la Morogoro

Watu walioandika habari za muziki wa dansi wa Tanzania wameshughulika zaidi na maneno ya nyimbo kuliko vyombo vilivyozipiga. Jambo hili halishangazi, maana wengi wao ni watu wa lugha na fasihi, na nyimbo za Morogoro zina maneno ya kutosha kumshughulisha mtafiti umri wake wote. Walakini msikilizaji wa kawaida, akisikia redioni wimbo wa Cuban Marimba au wa Morogoro Jazz, huutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kinachomjulisha ni gitaa. Na katika gitaa la umeme sauti haitoki katika tumbo la mbao peke yake. Huanzia katika kipande kidogo cha sumaku na waya wa shaba kilichowekwa chini ya nyuzi, ambacho wapigaji hukiita pikapu. Makala haya yahusu kipande hicho: asili yake, njia iliyokifikisha Afrika ya Mashariki, kazi iliyokifanya katika dansi la Morogoro, na mambo yapasayo kufikiriwa kabla ya kuking'oa katika magitaa ya zamani yenye tumbo la uwazi nusu.

Suala hilo la mwisho si la kinadharia tu. Mkazi wa Mzumbe mwenye gitaa la zamani lililonyamaza hana budi kupanda gari na kwenda Morogoro mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 20, milima ya Uluguru ikiwa mkono wake wa kulia. Huko humtafuta fundi redio, na ushauri apewao aghalabu ni mmoja: kitupwe cha kale, kiwekwe kipya. Ushauri huo ni mwepesi, na mara nyingine ni sahihi. Lakini pikapu ya kale ikishatupwa, hakuna mtafiti wala mpigaji atakayeweza tena kujua kwa hakika gitaa lile lilisikikaje mikononi mwa mwenyewe wa kwanza.

Yafaa kwanza kulitazama jina. Neno pikapu kwa watu wengi ni gari dogo la mizigo, na mtu asiye mwanamuziki akiambiwa kwamba gitaa lina pikapu mbili huweza kucheka. Wako watakaopenda kutumia neno la Kiswahili lililokwisha kuzoeleka, yaani kipaza sauti. Jina hilo lina kasoro mbili. Kwanza, limekwisha kubeba mzigo wa vitu viwili vilivyo kinyume, kwa kuwa hutumika kwa maikrofoni anayosemea mtu na pia kwa spika inayotoa maneno yake upande wa pili. Pili, pikapu haipazi kitu. Kupaza ni kazi ya amplifaya. Neno kinasa sauti lakaribia zaidi, lakini nalo halisemi kweli yote, kwa sababu pikapu hainasi sauti. Mtu akiimba kwa nguvu mbele ya pikapu nzuri, spika haitatoa wimbo wake. Akifunga nyuzi za nailoni, gitaa litakuwa bubu. Pikapu hunasa mwendo wa uzi wa chuma na si kitu kingine, na kama jina la Kiswahili linatakiwa, kinasa mtetemo ndilo lingeeleza kazi yenyewe. Hata hivyo wapigaji wamekwisha kuchagua, na katika kurasa hizi neno lao ndilo litakalotumika.

Kazi hiyo yategemea kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika ndani ya koili ya waya, umeme huzaliwa katika waya huo. Sumaku ya pikapu huutia uzi wa chuma usumaku kidogo. Uzi unapotetemeka, nguvu ile nayo hutikisika, na koili hutoa umeme dhaifu wenye umbo la mtetemo wa uzi. Waya wenyewe ni mwembamba kupita unywele wa watu wengi, kiasi cha milimita 0.063, nao huzungushwa maelfu ya mara. Ni wembamba huo unaoifanya pikapu iwe na sauti tamu, na ndio unaoifanya ikatike.

Pikapu ya kwanza ya namna hii iliyofanikiwa ilitengenezwa Marekani na George Beauchamp mwaka 1931, akishirikiana na Adolph Rickenbacker, nayo ilipewa hataza mwaka 1937. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la tumbo wazi lenye pikapu, aina ya ES-150, ambalo Charlie Christian alilipatia sifa katika muziki wa jazi. Kabla ya hapo, katika bendi yenye tarumbeta na ngoma, gitaa lilikuwa kama mtoto barazani kwa wazee: lipo, lakini halisemi.

Hali ilikuwa hiyo hiyo katika Afrika ya Mashariki. Dar es Salaam Jazz Band, inayohesabiwa miongoni mwa bendi za kwanza za Tanganyika, ilianza mwaka 1932, na kwa muda mrefu bendi za namna hiyo zilitegemea vyombo vya kupuliza, banjo na magitaa yasiyo na umeme. Hugh Tracey alipozunguka kurekodi mwaka 1950 na 1952, desturi yake ilikuwa kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza kuelekea chombo alichotaka kisikike. Rekodi zake ni hazina isiyo na kifani, lakini msikilizaji ni lazima akumbuke kwamba anayeamua gitaa lisikike kiasi gani humo ni mwenye maikrofoni, si mpigaji. Pikapu ndiyo iliyouhamisha uamuzi huo. Tangu siku mpigaji alipopata kidhibiti cha sauti karibu na mkono wake wa kulia, aliweza kuingia mbele ya wimbo na kurudi nyuma kwa hiari yake. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko kule kuongezeka kwa kelele, ambako ndiko wengi hukutaja.

Gitaa la umeme lilifika katika nchi hizi kwa njia zaidi ya moja. Kwa upande wa Kongo, Mbelgiji Bill Alexandre alileta magitaa ya umeme Léopoldville mwaka 1953, katika studio ya CEFA, na wapigaji wa huko waliyafanya kuwa yao kwa upesi wa ajabu. Kwa upande wa Kenya, Fundi Konde, mtu wa pwani aliyekuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili, hutajwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Kwa mawimbi ya redio na kwa santuri, mitindo ya pande hizo mbili iliingia Tanganyika, ambako tangu mwaka 1951 kulikuwa na kituo cha redio Dar es Salaam.

Morogoro ulikuwa mji mdogo, lakini ulikaa mahali pazuri. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika huko mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yaliuzunguka. Na wafanyakazi wenye mishahara, hata ikiwa midogo, ndio watu wanaolipa kiingilio cha dansi. Salum Abdallah, aliyezaliwa huko mwaka 1928, alikulia katika kusikiliza santuri za Kiamerika ya Kusini na za Kuba zilizojulikana kwa herufi GV, ambazo kampuni ya HMV ilianza kuzitoa mwaka 1933. Mwaka 1948 aliunda kikundi cha La Paloma, ambacho baadaye kilikuja kujulikana kama Cuban Marimba Band. Jina hilo lina neno marimba, lakini kadiri miaka ilivyopita magitaa ndiyo yaliyoshika usukani. Katika rekodi zake za tangu katikati ya miaka ya 1950 hadi alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1965, mtu aweza kulisikia gitaa likitoka nyuma ya waimbaji na kusogea hatua kwa hatua mpaka likaanza kujibizana nao.

Bendi ya pili ya mji ule, Morogoro Jazz, huhesabiwa kuwa iliundwa mwaka 1944. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, na wasikilizaji wakampa jina la Soloist National. Jina lenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Haikuwezekana kumwita mtu hivyo katika zama za gitaa lisilo na pikapu, kwa kuwa mpigaji wa solo, yaani mtu ambaye gitaa lake peke yake laongoza bendi nzima ukumbini, hakuwapo na hakuweza kuwapo. Bendi ilikwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970. Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha na kuunda Super Volcano, akafariki Mombasa mwezi wa Januari 1979, naye pia kwa ajali ya gari.

Lugha nayo ilibadilika pamoja na chombo. Kitenzi cha zamani ni kupiga gitaa, sawasawa na kupiga ngoma au zeze. Magazeti ya Kiswahili yaliyoandika habari za dansi yalizoea kusema kwamba fulani alikung'uta gitaa la solo, au alilicharaza, na mwingine aliungurumisha besi. Kuungurumisha hasa ni neno la zama za umeme. Gitaa la mbao tupu haliungurumi; linachoungurumisha ni pikapu na spika kubwa.

Picha za bendi za Afrika ya Mashariki na Kongo za wakati ule huonyesha mara kwa mara magitaa yenye tumbo la uwazi na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Magitaa hayo yana sauti ya mviringo, lakini yana tabia mbaya: sauti ya spika huurudia ubao wa juu, ubao hutikisa nyuzi, nyuzi huipa pikapu umeme zaidi, na mara chombo chapiga mluzi usiozuilika. Aliyepata kusikia bendi ikijaribu vyombo katika ukumbi mdogo aujua mluzi huo. Mnamo mwaka 1941 Les Paul alijaribu kuukomesha kwa kufunga nyuzi na pikapu juu ya gogo gumu, kisha akalipachika mbavu za gitaa ili lipendeze macho. Gibson walifuata wazo la karibu na hilo mwaka 1958 katika gitaa la ES-335: tumbo jembamba, pande mbili zikiwa wazi, na katikati kipande cha mbao ngumu kinachotoka shingoni hadi mkiani. Hilo ndilo gitaa la uwazi nusu. Viwanda vya Ulaya na Japani viliiga kwa wingi, vingine bila kuweka kile kipande cha katikati, na kwa hiyo anayelishika gitaa la zamani asidhani kwamba umbo la nje lamwambia yaliyomo ndani. Taa ndogo na kioo cha daktari wa meno, vikipitishwa katika tundu la f, humaliza ubishi.

Gitaa lile la 1958 lilikuja na pikapu ya namna mpya. Pikapu ya koili moja hunasa, pamoja na mtetemo wa uzi, mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao katika Tanzania huzunguka mara 50 kwa sekunde, na taa za tyubu na transfoma huuzidisha. Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959 kwa pikapu ya koili mbili: sumaku zimegeuzwa, na waya umefungwa kinyume, hata mvumo wa koili moja waufuta wa nyingine ilhali mitetemo ya nyuzi yajumlishana. Tiba hiyo ina gharama yake. Koili mbili hunasa uzi mahali pawili kwa pamoja, na baadhi ya sauti nyembamba hupotea humo. Kwa sababu hiyo pikapu ya koili mbili ni nene na tulivu, na ya koili moja ni angavu lakini huvuma.

Hapa ndipo muziki wa dansi unapokuwa na madai yake, na ndipo ushauri wa wauzaji, ambao aghalabu huwaza muziki wa roki, unapokosa shabaha. Katika bendi ya mtindo wa Morogoro yako magitaa mawili au matatu mbali na besi. Ridhimu hushika mdundo, solo huchora, na kati yao huenda pakawa na gitaa la pili linalofuma kamba ya katikati. Kila moja lapaswa kusikika waziwazi, uzi kwa uzi, bila kumfunika jirani. Pikapu zenye nguvu nyingi, zilizozungushiwa waya mwingi kupita kiasi, huijaza amplifaya hadi sauti ikaanza kukwaruza, na zile nyuzi nyembamba za juu, ambazo ndizo uzuri wenyewe wa solo, hufa. Anayetaka sauti ya dansi na achague pikapu ya nguvu ya wastani. Ikiwa ni ya koili mbili, ukinzani wa kiasi cha kiloomu 7 hadi 8 watosha, ijapokuwa namba hiyo ni kielelezo tu na haisemi habari zote za sauti. Ikiwa ukumbi hauna mvumo mkali, ya koili moja yaweza kufaa zaidi kuliko wengi wanavyokubali.

Mahali nako kuna maana kuliko aina. Karibu na daraja uzi hutetemeka kidogo, na sauti nyembamba hutawala. Karibu na shingo hutetemeka kwa upana, na sauti huwa ya mviringo. Ndiyo sababu pikapu ya daraja aghalabu huzungushiwa waya zaidi, ili isizidiwe na mwenziwe. Fundi anayezibadilishana mahali, kwa kutojua au kwa haraka, huliachia gitaa kasoro ambayo mwenyewe ataitafuta miaka mingi asiione.

Katika miaka ya 1970 na 1980 uchaguzi wa namna hii haukuwa rahisi kwa Watanzania. Fedha za kigeni zilikuwa haba. Mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na kufunguliwa mwaka 1983, na Nairobi ndiko kulikokuwa na viwanda vya santuri na maduka makubwa ya vyombo. Bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika na majeshi, na mwanamuziki aliyehama bendi aliviacha vyombo nyuma. Katika hali hiyo chombo kikiharibika hakitupwi, hufunguliwa. Ustadi wa kusuka upya mota na kutengeneza redio ndio uliokuwa shule, na hadi leo fundi anayesuka mota ana karibu kila kinachotakiwa kusuka pikapu, isipokuwa waya mwembamba wa kutosha na subira ya kuuhesabu.

Basi gitaa likinyamaza, jambo la kwanza si kununua. Husemwa mara kwa mara kwamba sumaku imekufa. Sumaku za aloi ya alumini, nikeli na kobalti, zilizotumika katika pikapu nyingi za zamani, hupoteza nguvu kidogo sana kwa miongo mingi, zisipokaribishwa kwenye sumaku kubwa au kuchomwa moto. Kinachokufa ni vidhibiti vilivyojaa vumbi, tundu la waya lililolegea, lehemu iliyopasuka, au ule waya wa shaba, ulioliwa na jasho na unyevu. Kipimo cha ukinzani huamua: kikionyesha namba, koili ni nzima na kosa liko kwingine; kisipoonyesha kitu, waya umekatika. Mara nyingi umekatika mwanzoni au mwishoni, pale unapounganishwa na waya mnene wa kutokea nje, na lehemu kidogo yaweza kuurudisha uhai. Kama pikapu ni nzima ila yapiga mluzi kwa kuwa koili yake imelegea, huchovywa katika nta ya parafini iliyoyeyushwa, ikichanganywa na nta ya nyuki kidogo, kwa joto la nyuzi 65 hivi. Joto likizidi, plastiki ya koili huyeyuka, na hapo fundi ameua alichokuja kuponya.

Pale ambapo hapana budi kubadilisha, kipimo cha kwanza ni rula. Pikapu za magitaa ya zamani ya Ulaya na Japani mara nyingi hazilingani na kipimo cha Gibson ambacho wauzaji wa leo hukifuata, na kuiweka mpya humlazimu fundi kukata mbao. Mbao ikikatwa haishoneki. Kwa sababu hiyo kusuka upya koili ya zamani, hata kama kwagharimu siku nyingi, ni bora kuliko kupanua tundu. Ikiwa vipimo vyalingana, iliyobaki ni kazi ya vidole. Gitaa la uwazi nusu aghalabu halina mlango nyuma, na vidhibiti vyote, swichi na tundu la waya hutolewa kupitia tundu la f au tundu la pikapu. Fundi mwenye busara hufunga uzi katika kila kidhibiti kabla ya kukisukuma ndani, ncha ya uzi ikibaki nje, ili aweze kukivuta kirudi mahali pake kama mtu avutavyo ndoo kisimani. Asiyefunga uzi atashinda mchana kutwa akilitikisa gitaa kama kayamba. Vidhibiti vya kiloomu 500 hufaa pikapu za koili mbili, na vya 250 za koili moja. Vikichanganywa, sauti huwa kali au hufifia, na lawama huiangukia pikapu bure.

Pikapu iliyotolewa na itiwe katika kopo kavu pamoja na skrubu zake na karatasi inayosema imetoka katika gitaa gani, upande wa daraja au wa shingo, rangi gani ya waya iliungwa wapi, na kipimo kilisoma nini siku ile. Kopo hilo liwekwe ndani ya sanduku la gitaa lenyewe, maana gitaa likiuzwa au kurithiwa, kopo lililoachwa kwa fundi halitalifuata.